Miwa ya Kualika

4 Agosti

Kwako wifi,

Salamu nyingi kutoka huku shambani. Natumaini u mzima na kazi ya kituo cha utafiti inakwenda. Sisi tu wazima wa miili. Watoto wanakusalimu shangazi yao, na yule mdogo kang'oka jino, anasema wewe ndiye utakayelinunua. Mimi mgongo unanisumbua, lakini mgongo wa mwanamke mwenye shamba la miwa usipouma ndipo uulize kuna nini.

Ningekupigia simu. Ila juzi nimepiga ukasema, "Nitakupigia," na jana ukasema hivyo hivyo. Barua haina kitufe cha kukatia, kwa hiyo nampa dereva wa lori la kiwanda akuletee.

Wifi, kuna wadudu kwenye miwa. Wadogo, wa njano, wamejaa chini ya majani kama unga uliomwagika. Wameanzia kwenye kile kipande nilichowapa kwa majaribio yenu, kwenye ile miwa laini mliyoipanda katikati ya aina na aina, ile tamu ambayo watoto wanaiiba. Majani ya chini yamekuwa manjano, mengine yamepata wekundu, na yananata hadi mpini wa jembe unanigandia mkononi. Juu ya huo utomvu pameota weusi kama masizi ya sufuria, na sisimizi wamepanga foleni. Sasa wadudu wamevuka. Wamo kwenye miwa yangu, upande wa kijito.

Uliniambia nisipulize dawa yoyote mpaka uniruhusu, nami nimetii. Bomba la dawa nimeshaliazima kwa jirani, liko hapa mlangoni linanitazama. Niambie nipulize.

Jambo la pili ni shemeji mkubwa. Amekuwa akipita pembezoni mwa shamba, mikono nyuma, anatazama majani anatikisa kichwa. Jumapili aliniambia, "Shamba la marehemu linataka mkono wa mwanamume." Anataka kuitisha kikao cha ukoo ili alichukue. Wewe unamjua kaka yako, akishatikisa kichwa huwa ameshaamua. Nikinyang'anywa shamba hili nitawapeleka wapi watoto? Kwa wazazi wangu hakuna hata pa kutandika mkeka wa pili.

Jibu upesi.

Wifi yako wa shambani


13 Agosti

Wifi mpenzi,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari zenyewe si za kufurahisha. Pole na mgongo. Mwambie mwanangu bei ya meno imeshuka sana mwaka huu, lakini lake nitalichukua. Mimi ni mzima, ila macho. Macho yananiishia kwenye majani.

Kuhusu dawa: usipulize. Nakuomba, nakupigia magoti hapa hapa ofisini, wenzangu wananishangaa. Usipulize hata tone.

Hao wanaitwa vidukari. Kazi yangu kutwa ni kuinama chini ya jani na brashi ndogo, nawahamisha, nawaweka kwenye muwa mwingine, kesho narudi kuona nani amebaki. Wifi, kuna aina za miwa wanazozisusia! Kidukari anatua, anachomeka mdomo, anaonja, anachomoa, anaondoka zake. Aina nyingine anakaa na kula, lakini hanawiri, na uzazi wake unakuwa wa kusuasua. Muwa wenyewe haufanyi kitu cha kuonekana. Unamkatalia tu. Siku tukiupata muwa wa namna hiyo, mkulima kama wewe hutaazima bomba la mtu tena. Lakini ukipulizia, nitajuaje ni muwa gani umekataa na ni upi umeokolewa na dawa?

Na wana vituko. Hawahitaji mume. Jike moja linazaa peke yake, linazaa watoto hai, na hao watoto wanazaliwa wakiwa tayari wamebeba wajukuu tumboni. Nilipomweleza mama mmoja hapa jikoni akasema, "Basi hao ndio walioendelea."

Vumilia kidogo. Mvua ikinyesha watapungua. Kaka mkubwa usimtie moyoni, yule ni kelele tu. Nitaongea naye.

Nawabusu watoto.

Wifi yako wa kituoni


25 Agosti

Wifi,

Hujambo? Naamini hujambo, maana vidukari hawako kwako. Wako kwangu.

Mvua haijanyesha. Kaka yako hujaongea naye, nimemuuliza. Lakini si hayo yaliyonifanya niandike huku kalamu ikitoboa karatasi.

Alipita bwana shamba na pikipiki yake. Akasimama, akatazama kipande chenu, akasema, "Kumbe ni wewe uliyekubali kupandiwa miwa ya kualika! Una moyo, mama." Nikamuuliza, miwa ya kualika ndiyo nini? Alidhani namtania. Akanieleza huku anacheka. Kwamba ile miwa tamu, laini, inapandwa makusudi kwa sababu vidukari wanaipenda kupita yote. Inapandwa ili waje. Waje, wazaliane, wajae, kisha wasambae kwenye aina zinazojaribiwa, ili mjue ipi inawashinda. Mstari baada ya mstari wa karamu, katikati ya shamba langu!

Kisha akaniambia lililonimaliza. Wenye mashamba ng'ambo ya kijito waliombwa kabla yangu. Walielezwa, wakakataa wote. Walielezwa, wifi! Mimi nilielezwa nini? Ulikuja na mkate na sukari, ukakaa kwenye kigoda changu, ukasema, "Wifi, tunakuletea mbegu nzuri, wewe palilia tu." Ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nami nikapalilia. Nimewapalilia vidukari wako, nimewamwagilia maji wakati wa kiangazi, nimewafukuza watoto wasiwaibie miwa yao. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliifua na kuipiga pasi.

Ukanichekesha kwamba wanazaa bila mume. Sawa. Lakini wao hakuna anayewaitia kikao. Mimi nisiye na mume nimeitiwa, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi. Kaka yako amepeleka habari kwa ukoo mzima kwamba mke wa marehemu ameshindwa shamba, njooni mwone majani.

Sitaki pole yako wala mkate wako. Nataka kitu kimoja. Siku hiyo uje, usimame mbele yao, useme kwa mdomo wako kwamba wadudu hawa ni wewe uliyewaita. Wewe ni dada yao, msomi wao, wanakusikiliza hata ukikohoa. Sema hivyo tu, kisha urudi kazini kwako.

Na hiyo miwa yako ya karamu naikata. Panga limeshanolewa.

Wifi yako, uliyemfanya chambo


9 Septemba

Wifi,

Natumaini mgongo umepona, maana mikono yako naona ina nguvu za kutosha.

Nimesoma barua yako, nikaikunja, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena. Sasa na mimi nina hasira, tena nisikilize.

Ndiyo, ni miwa ya kualika. Bila hiyo jaribio ni bure. Muwa ukikaa msafi, utajuaje umewashinda vidukari au hawakuutembelea tu? Lazima waje, na waje wengi. Hiyo ndiyo kazi, sikuibuni mimi. Na ndiyo, wale wa ng'ambo walikataa. Tungeacha? Vidukari wanakula miwa ya nchi nzima, kila msimu mkulima anapulizia dawa, yeye anakohoa na wao wanarudi. Mtu mmoja alikuwa lazima akubali. Ningekueleza ungekataa, nakujua. Nilichagua shamba ambalo najua linapaliliwa vizuri, na ni shamba la kaka yangu, si la mtu baki.

Kuhusu kikao, siji. Usinielewe vibaya. Utaratibu wetu unadai mwenye shamba aelezwe kila kitu na akubali. Nilimwambia bosi kwamba umeelezwa na umekubali. Nikisimama mbele ya ukoo nikasema unavyotaka niseme, habari itafika kituoni kabla sijafika mimi, na kazi itakuwa imekwisha. Hii kazi ndiyo inayomtibu mama. Unalijua hilo. Kaka nitamtuliza kimya kimya, niachie mimi.

Na kwa jina la Mungu, usikate miwa ya kualika! Hili silisemi kwa ajili ya jaribio. Vidukari sasa wameshiba, wametulia pale. Ukiwakatia meza yao hawafi. Wanapokosa chakula wanazaa wenye mabawa, nao watahamia kwenye muwa wowote ulio karibu, na ulio karibu ni wako. Iache isimame. Kata baada ya mavuno.

Ukipoa uniandikie.

Wifi yako


21 Septemba

Wifi,

Habari za huko. Za huku sijui nizianzie wapi.

Lori la kiwanda liliharibika gia, likalala gereji. Barua yako ya kunikataza imenifikia nikiwa nimeshakata. Sitakudanganya, siku ile nilifurahi. Nilishusha panga kila muwa nikikutaja wewe. Watoto walidhani naimba. Tuliiburuta hadi kando ya kijito, nikarudi nyumbani nikalala kama mtu aliyelipiza.

Basi wakaamka wenye mabawa. Walipanda kwenye miwa yangu upande wa kijito, wakapanda upande wa njia, wakapanda hadi ule mstari wa mwisho nyuma ya choo. Majani yote ya chini yamekufa. Ukipita unasikia yanavunjika. Aina zenu za majaribio nazo zimeungua, ile ya bua jekundu mliyoisifia ndiyo imeanguka ya kwanza. Najua utasema hasira hasara. Sema. Lakini kama ungeniambia mwaka jana, nisingehitaji barua ya kunikataza mwaka huu. Mwenye kujua alikuwa wewe, mwenye kukata nikawa mimi, na anayeitwa kikaoni ni nani?

Umeandika "shamba la kaka yangu". Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko mengine yote. Kaka yako alikuwa mume wangu na nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini alipolikuta shamba hili lilikuwa magugu, na visiki tuliving'oa wawili, mimi nikiwa na mimba. Alipougua nililima peke yangu. Alipokufa, matanga yalipokwisha tu nilikuwa nalima. Wewe ulipotaka pa kupanda uchafu wako hukumwomba marehemu, ulikuja kwangu. Wakati wa kuomba shamba ni langu, wakati wa kulitetea ni la kaka yako. Mkuki kwa nguruwe.

Kuhusu mama mkwe, usiniwekee mama mkwe mbele kama ngao. Nani anamwogesha?

Nikuambie jambo moja la ajabu, ingawa hustahili. Kuna mstari mmoja haujaguswa. Ni ule wa miwa myembamba, migumu, yenye majani yanayokwaruza, mlioupanda mwishoni kujaza nafasi. Watoto wakiutafuna wanautema. Vidukari wamejaa kulia kwake na kushoto kwake, na wenyewe umesimama kijani, kama mgeni asiye na haya kwenye nyumba ya msiba. Nimegeuza majani yake moja moja. Nimemwona kidukari mmoja, akatembea, akaondoka.

Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, kama nilivyokuambia. Nimekuwekea kiti.

Wifi yako


28 Septemba

Wifi wangu wa damu!

U hali gani? Nimesoma kile kipande cha mwisho nikapiga ukelele, bosi akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Usiuguse mstari ule! Usiukate, usimwache ng'ombe ausogelee, ukiweza weka miiba. Hapa kituoni aina hiyo hatunayo tena. Tuliitupa yote msimu uliopita kwa sababu utamu wake ni mdogo, na pingili za mwisho ndizo nilizokuletea kujaza nafasi. Hiyo uliyo nayo ndiyo iliyobaki. Hakuna jaribio tuliloweza kulifanya kali kama lililotokea kwako: shamba zima la vidukari wenye njaa, na mstari mmoja ukawakatalia. Unaelewa maana yake? Tunaweza kuupandisha na muwa mtamu, tukapata mbegu yenye vyote viwili. Bosi amesema jina langu mbele ya wote.

Tunakuja Alhamisi baada ya kikao chenu, kwa gari la kituo, bosi na mimi. Ukiulizwa kama ulielezwa tangu mwanzo, sema ndiyo, wifi, neno moja tu.

Jumamosi yenyewe siwezi. Nimeshakueleza sababu, na sasa ndiyo zaidi, mambo yameanza kuninyookea. Kaka sijampata kwenye simu. Lakini wewe ni jasiri, utawajibu. Mimi moyo wangu uko na wewe.

Msalimie mama.

Wifi yako mwenye furaha


5 Oktoba

Wifi,

Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri na anauliza utakuja lini. Nimemwambia Alhamisi, na gari.

Kikao kimefanyika. Walikuja wote, wakakaa uani kwangu, wakanywa chai yangu, kisha kaka yako akasimama akanieleza jinsi nilivyoshindwa. Alikuwa ameleta jani lililokauka, akalipitisha mkono kwa mkono kama picha ya maiti. Nikasema wadudu waliletwa na majaribio ya dada yenu. Hakukasirika. Alicheka tu. "Kama ni kweli, mwenyewe yuko wapi aseme?" Watu wakatazama kile kiti nilichokuwekea. Moyo wako ulikuwa na mimi, ndivyo ulivyoandika. Sikuuona umekaa pale.

Wifi, nimewahi kufiwa, nimewahi kulala njaa, lakini sijawahi kuona aibu kama ile ya kukitazama kiti.

Basi nikawaambia, simameni twende shambani. Kaka yako akasema tumeshaona. Shangazi yenu mzee, ambaye nilidhani amesinzia, akasema, "Mimi sijaona, nishikeni mkono." Akishainuka yeye nani atabaki amekaa? Tukaenda. Nikawapeleka hadi kwenye ule mstari mwembamba. Nikawaambia, huu nao nimeulima mimi. Udongo ni huu huu, maji ni haya haya, jembe ni hili na mkono ni huu uliopalilia yote. Kama kosa ni mkono wangu, mbona huu ni mzima?

Kaka yako akasema, "Wadudu wana bahati nasibu zao, hawachagui."

Nikamwambia wanachagua. Wanachagua muwa, hawachagui mkono. Nikamgeuzia jani la muwa unaougua, likiwa limejaa, nikamgeuzia la muwa mzima uliougusa, likiwa tupu. Nikafanya hivyo mbele ya kila mmoja wao, tena mara kwa mara, sauti yangu ikiwa juu mpaka jirani akatoka. Shangazi akapitisha kiganja chake kwenye jani, likamkwaruza, akajilamba damu. Akamwambia kaka yako, "Ulitutoa makwetu kuja kumhukumu mkulima kwa makosa ya mbegu. Je, nawe ungelima hapa wangekuogopa kwa sababu ya suruali?" Watu wakacheka, na aliyechekwa kikaoni huwa ameshashindwa. Wamekubaliana mbele ya wote kwamba shamba ni langu na la watoto wangu, na asilirudie tena. Ameondoka bila kumaliza chai.

Sasa sikiliza yako.

Ule mstari nimeukata. Wote. Usiitupe barua hii ukaanza kulia, malizia kusoma. Sijauchoma. Jana baada ya kikao, na leo tangu asubuhi, nimeukata pingili pingili pamoja na watoto na jirani mwenye bomba. Nimeng'oa miwa iliyokufa upande wa kijito, na pale pale nimezilaza pingili na kuzifukia. Kiwanda kinapima uzito wa muwa, hakiulambi, kwa hiyo utamu mdogo haunisumbui. Alhamisi mtakuta udongo uliofunikwa, na mimi nimesimama juu yake.

Bosi wako akitaka mbegu ile, njia ni moja. Atasimama mbele yangu aniombe. Aniambie anaitaka ya nini, inaweza kuniletea nini na inaweza kuniharibia nini, kisha anyamaze nifikiri. Na kabla hajafungua mdomo, wewe ndiye utakayeanza, umweleze kwa nini anaomba leo na si mwaka jana. Ukimwambia nilielezwa, nitakusahihisha pale pale, kwa sauti ile ile aliyoisikia jirani.

Huenda nikakubali. Huenda nikakataa kama wale wa ng'ambo. Sijaamua, na safari hii ninyi ndio mtakaosubiri.

Kile kiti sijakiondoa uani. Ukifika usikikalie.

Ni mimi wifi yako, ambaye bado nimekasirika